Siku ya Kula Haidarabadi na Mama Mkwe

Nilikwenda India kwa sababu ya macho ambayo si yangu. Yalikuwa ya mama mkwe wangu, mjane wa mji wa Muyinga, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe, na kupanda ndege hakubadilishi hilo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia liliona ukungu tu. Daktari wa Bujumbura alilimulika, akaguna, akasema hili si langu, hili ni la India. Jamaa wakachanga. Shemeji yangu anaendesha malori na siku hizo alikuwa amekwama mpakani. Mke wangu Mwajuma alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Nikabaki mimi, fundi cherehani wa Gitega, ninayeshonea wanafunzi wa shule za Mushasha sare zao. Nimekulia Tanzania, kwa hiyo watu wa mtaani kwetu wanasema naongea kama redio, na wanaamini kwamba mtu anayeongea kama redio lazima ajue na Kiingereza.

Usiku kabla sijaenda Muyinga kumchukua, Mwajuma alinikalisha. Mama yake alikuwa anaishi peke yake Muyinga, na majuzi tu alishika kaa la moto akidhani ni kiazi. Kiganja kilikuwa bado kimefungwa kitambaa.

"Hata akipona," Mwajuma akasema, "asirudi kwenye moshi wa kuni peke yake. Ahamie hapa. Mimi nimemwomba, shangazi amemwomba, imamu amemwomba. Anakataa. Wewe utakuwa naye wiki tatu. Usinirudie bila jibu."

"Anakataa kwa nini?"

"Kwani hujui? Anauliza atakula wapi."

Nilijua. Lakini kwa msomaji aliyekulia mjini, ambako mambo haya yamelegea, nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe hawali mmoja mbele ya mwenzake. Kusalimiana ruksa, kuongea ruksa kwa kipimo. Ila kufungua mdomo, kutafuna na kumeza huku mume wa binti yako anakutazama, hapo ni sawa na kutoka nje bila nguo. Na mimi vilevile siwezi. Nyumba yetu Gitega ina sebule, vyumba viwili, na jiko nje uani. Mama mkwe akija kututembelea hukaa mpaka njaa imuume, halafu anakumbuka kwamba ameacha mbuzi Muyinga. Mbuzi hana.

Basi nikatumwa kumbembeleza mtu aje ale nyumbani kwangu, mtu ambaye siwezi kula naye. Kazi kwelikweli.

Safari ilianza Muyinga, asubuhi yenye baridi, kwa gari dogo la kukodi. Dereva alikuwa ametafuta esansi, yaani petroli, siku nne na hakutaka mzaha. Mama mkwe alikaa nyuma na kikapu cha chakula cha njiani, viazi vitamu na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga. Mimi nilikaa mbele na chapati zangu kwenye mfuko. Tulipita Karuzi, harufu ya ndagala imejaa gari zima, na hakuna aliyegusa kitu. Dereva, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale, alikula viazi, akala ndagala, akala na chapati zangu.

Gitega tulisimama mlangoni kwangu nichukue begi. Mama mkwe hakushuka. Mwajuma alimpelekea mtoto dirishani, bibi akambusu kwa kumpapasa uso, akamrudisha.

"Shuka basi, mama, unywe hata uji."

"Oya, mwanangu, sishuki. Nikishuka utanipa chakula. Mi najua we."

Tukaendelea hadi Bujumbura na njaa zetu.

Ndani ya ndege mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa mule hawaulizi nani ni mkwe wa nani. Viti vyetu vilikuwa bega kwa bega, na sahani zikaja kwa pamoja, zinatoa moshi. Mama mkwe alichukua blanketi, akajifunika yeye na sahani yake, kichwa mpaka magoti. Mhudumu akaniuliza kama mama anaumwa. Nikamwambia anakula. Mimi nilibeba sahani yangu chooni, nikafunga mlango, nikala wali na kuku nimesimama. Nilipotoka kulikuwa na foleni, na kila mtu kwenye foleni alikuwa ameiona ile sahani.

Haidarabadi tulipokelewa na joto. Tulipanga nyumba ya wageni karibu na hospitali, yeye upande wa wanawake, mimi upande wa wanaume, kwa hiyo kwa wiki mbili na zaidi kila mtu alikula kwake kwa amani. Dawa ya matone aliwekewa na mke wa mwenye nyumba. Upasuaji ulikwenda salama. Siku walipomfungua bandeji sikuwepo chumbani, nilisubiri nje, lakini nilimsikia akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nikageukia ukuta nikafuta uso kwa mkono wa shati. Kisha daktari akaniita. Jicho moja litaona vizuri, akasema, lakini moshi ni sumu, na matone ni kila siku, kwa mkono wa mtu mwingine. Nikamtafsiria. Mama mkwe akasema amesikia.

Ikabaki siku moja kabla ya ndege. Daktari akasema mama avae miwani myeusi, asiiname, asibebe mzigo, lakini atoke aone, ndiyo kazi ya jicho. Ndivyo tulivyopata siku yetu ya kutembea na kula.

Asubuhi alikuja Bwana Mahmudi, dereva wa bajaji aliyekuwa akitupeleka hospitali siku zote. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, chake ni cha abiria, na tulikuwa tumezoea kukutana katikati. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Akatangaza kwamba leo hatulipi kitu, sisi ni wageni wake, tutaona mji wa mababu zake na tutakula mpaka tushindwe kupanda bajaji. Nikamtafsiria mama mkwe ile ya kuona. Ile ya kula nikaiacha kwanza.

Tulianzia Char Minar, yaani minara minne, jengo la mawe la miaka mingi linalosimama katikati ya njia huku pikipiki, mikokoteni ya matunda na mbuzi wakilizunguka bila heshima yoyote. Mama mkwe alishuka, akavua miwani kidogo, akatazama juu. Alitazama muda mrefu. Mimi kama fundi nilikuwa naangalia nakshi za dirishani, namna kila ua limerudiwa sawasawa kama limekatwa kwa karatasi moja ya patroni. Halafu nikahisi ananitazama mimi.

"Baba Zubeda," akasema. Zubeda ni binti yangu wa kwanza.

"Naam, mama."

"Kumbe we una mvi."

"Ninazo, mama."

"Mwajuma hakuniambia." Akarudisha miwani. "Si kitu. Inakupendeza kidogo."

Niliposa kwake miaka tisa iliyopita, na ukungu ulikuwa umeanza wakati huohuo. Ile ndiyo siku aliyoniona. Nilifurahi, na niliona haya pia, nikatamani ningevaa shati jingine.

Kutoka hapo Bwana Mahmudi alitupeleka mkahawa wa chai wa zamani, karibu na mnara. Chai yao ni nzito, ya maziwa yaliyochemshwa mpaka yakasahau kuwa maziwa, na huletwa na biskuti za siagi, tamu na zina chumvi kidogo. Nilikuwa nimeshafikiria. Nilimketisha mama mkwe meza moja akiangalia ukuta wa huku, mimi nikakaa meza nyingine naangalia ukuta wa kule, tukapeana migongo. Nikachovya biskuti. Nikainua macho. Ukuta wote, kuanzia mezani hadi darini, ulikuwa kioo. Na ukuta wa upande wake pia kioo. Tukakutana macho, kila mtu na biskuti yake imefika nusu ya njia, na nyuma yetu kwenye vioo kulikuwa na mama wakwe wengine na wakwe wengine, wamepangana mpaka mwisho wa dunia, wote wameshika biskuti.

Tukaziweka chini kwa pamoja.

"Mana yanje," nikamsikia akimwita Mungu kwa Kirundi. "Hata jicho moja inaona vitu mingi sana."

Bwana Mahmudi akamaliza biskuti zetu. Uso wake ulianza kuwa na wasiwasi.

Baada ya chai tulipita mtaa wa bangili, maduka yamebanana pande zote mbili na kila moja linameta. Pale mama mkwe alisahau njaa. Alichagua bangili za Mwajuma kwa kuzisogeza juani moja moja, akizikataa, akizirudia, akimwambia muuzaji kwa Kiswahili cha Muyinga kwamba hii nyekundu si nyekundu, hii iko kama nyanya ya jana. Muuzaji alimjibu kwa lugha yake. Wakaelewana kabisa. Adhuhuri tuliswali msikiti mkubwa wa karibu. Yeye aliswali ameketi kwenye kiti kwa amri ya daktari, na alipotoka alisema amewahesabu njiwa wa uani akashindwa, na kwamba ni raha kushindwa namna ile.

Mchana ndipo mambo yalipoharibika. Bwana Mahmudi alitufikisha kwenye hoteli ya biriani ambayo, kwa maneno yake, baba yake alimlisha hapo alipohitimu Kurani. Walituletea sinia moja. Moja, la watu watatu, kwa heshima. Wali mrefu, mweupe na wa zafarani, nyama ya mbuzi imefichwa chini, na mvuke wenye karafuu uliopanda moja kwa moja hadi kwenye roho yangu. Tangu biskuti ya asubuhi, ambayo sikuila, nilikuwa sijaweka kitu tumboni. Bwana Mahmudi akasema bismillahi, akatupa ishara ya kuanza.

Nikatazama dari. Mama mkwe akatazama mlango.

"Chakula kibaya?" Bwana Mahmudi akauliza.

"Kizuri sana," nikasema, na sauti yangu ilitetemeka kwa ukweli.

"Basi kula."

"Siwezi. Mama yupo."

Akageuka kwa mama mkwe, akamsogezea nyama nzuri kuliko zote. Mama mkwe akaweka mkono kifuani kwa adabu.

"We mwambie huyu baba," akaniambia, "chakula yake iko nzuri, inanukia mpaka Muyinga. Lakini mdomo ya mama mukwe haifungukake mbele ya mukwe. Anataka nivue nguo hapa?"

Nikatafsiri, nikiiacha ile ya nguo. Bwana Mahmudi alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akapata jibu lake mwenyewe, kama watu wema wanavyofanya.

"Mmegombana," akasema.

"Hapana. Tunaheshimiana."

"Kama huku ndiko kuheshimiana, mkigombana inakuwaje?"

Akaamua kutupatanisha. Alihamisha kiti changu kikawa kando ya cha mama mkwe. Akachukua mkono wangu, akatafuta na wa mama mkwe aiunganishe, na mama mkwe akarukia upande wa pili wa meza kwa wepesi ambao daktari asingeukubali. Watu wa meza za jirani wakaacha kula. Bwana Mahmudi akakaa chini, uso umemshuka, akasema polepole kwamba hajawahi kuleta mgeni hapa akakataa sinia, na kwamba baba yake angekuwa hai angeuliza amekosea nini.

Hapo nilisikia aibu halisi. Nikamweleza yote, tangu Mwajuma na kaa la moto, mpaka jibu ninalotakiwa kurudi nalo. Kiingereza cha kidato cha pili hakina neno la mkwe kwa maana yetu, nikalazimika kuonyesha kwa mikono. Alisikiliza bila kukatiza.

"Mama mkwe wangu mimi," akasema mwishoni, "anaishi kwangu. Anakula nami kila siku. Na kila siku ananiambia ninakula sana." Akalitazama sinia. "Desturi yenu si mbaya."

Akamwita mhudumu, biriani yetu ikafungwa kwenye mafungu mawili, langu na la mama mkwe. La kwake Bwana Mahmudi alilila palepale, kwa haki.

Alasiri tukaenda Golkonda, ngome ya wafalme wa zamani iliyo nje ya mji, kilima kizima kimevishwa kuta. Mlinzi wa getini aliangalia mfuko wetu, akaunusa, akaturuhusu. Nilikuwa na njaa ya kuniudhi. Niliyaona yale mawe yote na nikawaza tu ni wapi mtu anaweza kujificha ale, lakini kila kona ilikuwa na watu wanapigana picha.

Chini ya kuba la lango, Bwana Mahmudi alitusimamisha akapiga kofi. Mlio ukaruka ukaenda zake juu. Akaeleza kwamba mafundi waliojenga hapa walifanya makusudi, mtu akipiga makofi chini ya kuba hili, anasikika kileleni kabisa, kwenye baraza la mfalme. Askari wa lango walimjulisha mfalme namna hiyo kwamba kuna mtu amefika. Nikamtafsiria mama mkwe. Akatazama kuba, akatazama kilele kilicho mbali juu ya ngazi, akatazama mfuko wa biriani.

"Inasikika kweli kule juu?"

"Anasema inasikika."

"Na mutu wa juu anaona mutu wa hapa?"

"Haonekani, mama. Kuna kuta."

"Bon, sawa." Alivuta mtandio wake akaukaza. "Baba Zubeda, we utabaki hapa. Mi napanda na huyu baba na fungu yangu. We ni mukwe, we unakula kwanza. Ukimaliza unapiga makofi, mi nasikia, njo naanza kula. Na usipande mpaka nishuke."

"Mama, ngazi ni nyingi. Daktari..."

"Daktari amesema nione. Mi nimezaliwa Muyinga, kilima naijua. Shida ilikuwa macho, si miguu."

Akaanza kupanda. Bwana Mahmudi akamfuata na lile fungu, na hata kabla hawajapotea nyuma ya ukuta nilimwona huyo dereva ndiye ameshika kiuno chake kwa uchovu.

Nilikaa kwenye jiwe nikafungua biriani yangu. Siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa imepoa kidogo, nyama inaachia mfupa bila kubembelezwa, na chini kulikuwa na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia. Nilikula kwa dhati. Kwa mara ya kwanza tangu Muyinga nilikula nikiwa nimekaa, mchana, bila blanketi wala mlango wa choo.

Nilipomaliza na kunawa, nikasimama chini ya kuba kupiga makofi, na hapo ndipo nilipoona tatizo. Kila mtu alikuwa anapiga makofi. Watalii walipiga. Maharusi walipiga. Likaja kundi la wanafunzi wenye sare za buluu, zimeshonwa vibaya kwenye mabega, nao wakapiga kwa fujo. Kule juu mama mkwe alikuwa anasikia makofi ya dunia nzima na hajui yangu ni yapi. Njaa yake ilikuwa mikononi mwangu. Nilimwona moyoni ameketi na fungu lake limefungwa, anasubiri, kama anavyosubiri Gitega mpaka akumbuke mbuzi.

Nikafikiri. Kisha nikasogea katikati kabisa, nikakunja magoti kidogo, nikaviweka viganja kama vikombe, nikapiga makofi yetu ya heshima, yale ya kumsalimia mkubwa wa ukoo, ya taratibu na mazito. Paa. Paa. Paa. Hayapigwi hivyo popote pengine ninapopajua. Wanafunzi wakaacha kelele wakanitazama. Halafu, kwa kuwa wanafunzi ni walewale Mushasha na Golkonda, wakakunja magoti wote na kuniiga.

Nilisubiri muda mrefu. Jua lilikuwa limelala upande wa kuta walipotokea kwenye ngazi, mama mkwe mbele, Bwana Mahmudi nyuma ameloa shati lake la pasi.

"Umekula, mama?" Kuuliza si kula, inaruhusiwa.

"Nimekula."

"Ulijua makofi yangu?"

"Ya kwanza ya polepole ilikuwa yako, iko na adabu. Ile ingine yote ilikuja na haraka haraka." Akatikisa kichwa. "Lakini ni watoto wazuri, wamenisalimia."

Bwana Mahmudi alininong'oneza kwamba mama alikula fungu lote akiutazama mji, nyumba mpaka mwisho wa macho, na kwamba alilia kidogo ingawa daktari alikataza. Pia mama alimpa yeye kipande cha nyama. Bwana Mahmudi alilisema hilo la nyama mara mbili. Nadhani deni lake kwa baba yake lilikuwa limekwisha.

Jioni, ndani ya bajaji, taa za mji zimeanza kuwaka, mama mkwe alisema kitu bila kunigeukia.

"Jiko yenu ya Gitega, iko mbali na sebule?"

"Si mbali, mama. Ni uani tu."

"Kuna ukuta katikati?"

"Kuna ukuta."

"Mutu wa sebule anaona mutu wa jikoni?"

"Haoni kabisa."

"Haya."

Nikaona hapa ndipo. "Mama, Mwajuma anaomba..."

"Baba Zubeda, mi nimeuliza jiko tu."

Kesho yake tulipaa. Alikula chini ya blanketi, mimi chooni, na mambo hayo sasa tulikuwa tumeyazoea.

Kutoka Bujumbura tulipanda milima kwa gari lilelile na dereva yuleyule, aliyeuliza mara moja tu kama kuna chapati. Tulifika Gitega mchana. Mpango ulikuwa dereva aniache, kisha ampeleke mama mkwe Muyinga kabla ya giza. Nikashuka na begi langu. Yeye hakushuka. Alivua miwani akamtazama mtoto kupitia dirishani, safari hii kwa jicho, si kwa mkono, akasema ana paji la uso la marehemu mume wake. Mwajuma alilia. Kisha akaniburuta ndani.

"Jibu liko wapi?"

"Ameuliza jiko tu."

"Jiko gani?"

"Jiko lako. Kama lina ukuta."

Mwajuma alinitazama kama mtu aliyempeleka mgonjwa India akarudishiwa mwingine. Akaniwekea chakula sebuleni, maharagwe na ndizi. Nje dereva alikuwa anafunga mfuniko wa injini, anataka kuondoka. Maharagwe ya Mwajuma nayapenda kuliko biriani yoyote, na siku ile hayakupita vizuri. Nilimfikiria yule mama amerudi Muyinga, amewasha kuni, moshi unamwendea kwenye lile jicho moja. Nilikula kwa sababu yeye alikuwa nje na mimi ni mkwe, na mkwe anakula kwanza.

Nikamaliza. Nikanawa. Nikasimama katikati ya sebule, nikakunja magoti, nikakunja viganja, nikapiga. Paa. Paa. Paa.

"Una nini wewe?" Mwajuma akasema.

Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Nje dereva aliwasha gari. Injini ikanguruma, ikanguruma tena. Nikakaa chini.

Halafu tukasikia mlango wa gari ukifunguka na kufungwa. Nyayo zikapita pembeni ya nyumba, bila kugusa mlango wa mbele, zikaingia uani. Sufuria ikafunuliwa.

"Mwajuma!" sauti ikaita kutoka jikoni. "We unakawia nini? Sahani yangu iko wapi? Na mwambie yule dereva alete kikapu yangu, asikule."

Mwajuma alitoka mbio na mtoto mgongoni. Mimi sikutoka. Nilibaki sebuleni nimekaa kimya, kama inavyotakiwa, nikiwasikiliza wanavyokula.

Kwa makofi ya kila mlo majirani walidhani tuna sherehe kila siku, baadaye wakazoea. Kuni zimehama jikoni, tunatumia makaa kwenye baraza la nyuma, na matone anaweka Zubeda, ambaye bibi yake anasema ana mkono mwepesi. Watu wakiniuliza nilijifunza nini India, nawaambia kwamba biskuti zao ni nzuri, ila mtu achunguze ukuta kwanza.

Juzi nilichelewa Mushasha, sare za shule zilikuwa nyingi. Nilipofika nyumbani, kabla sijavua viatu, nikasikia makofi yanatoka uani. Ya taratibu, mazito, ya viganja vilivyokunjwa. Kwa desturi mkwe ndiye anakula kwanza, na mama mkwe hajawahi kunitangulia hata siku moja. Lakini alikuwa na njaa, chakula kilikuwa tayari, na alikuwa nyumbani kwake. Alikuwa ameshakula.

Nikavua viatu, nikakaa, nikala.